Mwonyeshe Mpimaji Uvimbe Ulipo
Ukitoka Mwatate hadi Voi kupigwa skani, usidhani mashine itaona kila kitu. Kile kifaa kinachopitishwa mwilini, yaani probu, hutoa mawimbi ya sauti, na mpimaji huchagua probu inayofaa kwa kila kazi. Mawimbi ya megahezi 3 hadi 5 hufika ndani, kwenye ini au kwa mtoto tumboni, ingawa picha haiwi kali sana. Titi huhitaji megahezi 10 au zaidi: picha ni safi, lakini mawimbi hayafiki mbali. Titi likipimwa kwa probu ya tumbo, uvimbe mdogo waweza kupita bila kuonekana. Hilo hunitia hofu kuliko mashine kuukuu. Nenda na barua ya daktari inayotaja mahali hasa, kisha onyesha kwa kidole chako. Usione haya, hata mpimaji akiwa mwanamume.