JUISI YA MATUNDA NA UBONGO: TUSIUZE MAHARAGE KUNUNUA CHUPA

Mwezi uliopita kwenye mkutano wa uhamasishaji nilisema kwamba juisi ya matunda inalinda ubongo wa wazee. Nilikuwa nimesoma habari hiyo, ikanifurahisha, nikaitoa kama nilivyoielewa. Wiki mbili baadaye, nikiwa katika zamu ya kutembelea nyumba kwa nyumba, nikamkuta mama mmoja ameuza nusu ya maharage ya posho na kununua chupa nne za kinywaji chekundu kwa ajili ya mama yake mzazi. "Si wewe mwenyewe uliyesema, mwanangu?" akaniuliza. Ni kweli nilisema. Ndiyo maana leo narudia jambo hili, na safari hii nalieleza lote.

Bibi huyo anatoka Kabonga, upande wa Nyanza-Lac karibu na mpaka wa Tanzania. Miaka mingi alikuwa akianika ndagala na kuziuza. Sasa anasahau. Akimaliza kula, anauliza kwa nini hajapewa chakula. Jioni anatoka nje kuangalia kama ndagala zimeanuliwa, na hapa hakuna ziwa. Majirani wamekwisha kusema amelogwa, na mmoja alisema vibaya zaidi, kwamba anatembea usiku kwa sababu yeye ndiye mchawi. Maneno ya namna hiyo yanaweza kumletea mzee kifo. Kusahau kwa jinsi hii ni ugonjwa wa ubongo. Unawapata matajiri na maskini, wazungu na weusi, na aina inayoonekana zaidi inaitwa Alzheimer. Mgonjwa hajaloga wala hajalogwa.

Habari ya juisi ilitoka wapi?

Ilitoka Marekani mwaka 2006. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka kadhaa watu 1,836 wenye asili ya Japani wanaoishi eneo la Seattle, ambao mwanzoni hawakuwa na ugonjwa huu. Waliokuwa wakinywa juisi ya matunda au ya mboga mara tatu au zaidi kwa wiki, hatari yao ya kupata Alzheimer ilikuwa ndogo kwa asilimia 76 kuliko ya wale waliokunywa chini ya mara moja kwa wiki. Watafiti walifikiri kwamba ndani ya matunda, hasa karibu na ganda, kuna vitu vinavyozuia seli za ubongo zisichakae haraka.

Hiyo ndiyo nusu niliyowaambia. Nusu ya pili sikuisema. Watafiti hawakumpa mtu yeyote juisi ili waone itafanya nini. Waliwauliza watu wanakunywa nini, kisha wakasubiri. Mtu anayekunywa juisi mara kwa mara huenda pia anakula vizuri, anatembea, na anakwenda kupimwa hospitali. Kwa hesabu zao walijaribu kuyatenga mambo hayo, lakini si rahisi kuyatenga yote. Tena, wale walikuwa watu ambao bado hawajaugua. Utafiti ule haukuonyesha kwamba juisi inamrudishia kumbukumbu mtu aliyekwisha kuanza kusahau. Kwa hiyo chupa za bibi, hata kama zingekuwa na juisi ya kweli, hazikuwa dawa yake.

Na hazikuwa juisi ya kweli. Nilisoma karatasi ya chupa pamoja na binti yake: maji, sukari, rangi, harufu ya tunda. Vivyo hivyo na unga wa pakiti unaokorogwa kwenye ndoo sokoni. Hata juisi ya machungwa uliyokamua mwenyewe, glasi moja ina sukari kiasi cha vijiko vitano vya chai, na nyuzi zenye faida zimebaki kwenye chujio. Mwenye ugonjwa wa sukari asiinywe ovyo. Embe, papai, pera au chungwa linaloliwa zima ni bora kuliko glasi, na sokoni bei yake ni nafuu kuliko chupa. Pera, ambalo watoto wanaliokota bure, lina vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Kama bado unapenda kutengeneza juisi nyumbani, chemsha maji kwanza, yaache yapoe kwenye chombo chenye kifuniko, osha mikono na matunda, na inywewe siku hiyohiyo. Nilikuwa bado mtoto mwaka 2015 watu walipokimbia na kujazana Kagunga, ng'ambo ya mpaka kutoka Kabonga. Maji safi na vyoo havikutosha. Maelfu waliugua kipindupindu na watu zaidi ya 30 wakafa. Waliopita pale hawahitaji kufundishwa na mimi juu ya maji.

Turudi kwa bibi. Tulimpeleka kituo cha afya, akapimwa, na presha yake ilikuwa juu sana. Hakuna mtu nyumbani aliyejua, kwa sababu presha haina maumivu. Presha inaharibu mishipa midogo ya ubongo polepole kwa miaka, au inaharibu kwa siku moja kwa kiharusi. Mwaka 2024 kundi la wataalamu lilitoa ripoti katika jarida la The Lancet, wakisema karibu nusu ya ugonjwa huu wa kusahau duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Walitaja mambo 14. Yamo presha, sukari, sigara, pombe nyingi, kuumia kichwa, kutosikia vizuri, na kukaa mpweke. Juisi haimo. Upweke ulinishangaza, maana hapa kambini mzee anaweza kuwa na watu kila upande na bado asizungumze na mtu kutwa nzima. Mpeni maharage achambue. Mwulizeni habari za ziwa.

Juu ya kuuza posho nataka kusema jambo moja zaidi. Mwaka 1990 nchini Malawi, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 walipata ugonjwa unaoitwa pelagra, baada ya karanga kukosekana kwenye posho yao na kubaki wakitegemea mahindi. Pelagra inaanza kwenye ngozi na tumbo, na isipotibiwa inafika kwenye ubongo, mtu anachanganyikiwa. Ubongo unalishwa na maharage, karanga na ndagala kabla ya kufikiria chupa. Ukipata chungwa au pera, lile pamoja na maharage au lengalenga, kwa sababu vitamini C inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma, na madini hayo yanahitajiwa sana na ubongo wa mtoto unaokua. Chai iliyokolea isinywewe pamoja na chakula hicho, maana inazuia. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi juisi wala maji, ni maziwa ya mama peke yake.

Kusahau kwa uzee kunakuja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee akichanganyikiwa ghafla, leo au tangu jana, usingoje. Inaweza kuwa malaria kali, kiharusi, sukari iliyoshuka au homa nyingine, na mengi ya hayo yanatibika akifikishwa mapema. Akiwa amepinda mdomo au mkono umelegea, mwite mhamasishaji wa mtaa wako saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Bibi sasa anameza dawa ya presha kila asubuhi. Bado anauliza kuhusu ndagala. Binti yake ameacha kumbishia. Anamwambia zimeanuliwa zote, kisha wanaingia ndani kula.