Saanane: Kisiwa kisicho na gari, mguu ndio usafiri

MWANZA. Jumamosi alfajiri, kabla makonda hawajaanza kuita abiria Buzuruga, pembezoni mwa Barabara ya Musoma tayari kuna watu wanakimbia. Ni vikundi vya jogging: maveterani waliotundika daluga, mashabiki wenye jezi za Simba, Yanga na Pamba Jiji, kina mama na vijana wa kitaa. Wanaimba, jasho linawatoka, na muda wote jicho moja liko nyuma kuangalia gari.

Wana sababu. Julai 2023, wanamichezo wa kikundi cha jogging waligongwa na gari wilayani Ilemela, wilaya hiyohiyo ilipo Buzuruga, na baadhi yao wakapoteza maisha. Msiba ule uliacha swali zito: Mwanza, mtu afanyie wapi mazoezi bila kuhofia tairi?

Jibu mojawapo liko majini. Kisiwa cha Saanane, kinachoonekana kabisa kutoka Capri Point, hakina daladala, bajaji wala bodaboda. Ukishuka kwenye boti, usafiri ni miguu yako mwenyewe.

Toka kwa Mzee Saanane

Jina limetokana na Mzee Saanane Chawandi, aliyeishi hapo akilima na kuvua kabla Serikali haijakichukua kisiwa. Mwaka 1964 ikaanzishwa hapo bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na 2013 kikapanda daraja kuwa Hifadhi ya Taifa chini ya TANAPA.

Ni hifadhi ndogo kweli. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763. Saanane, ukijumlisha na maji yake, ina 2.18 tu. Kwa hesabu za wapenda soka, hiyo ni kama viwanja 300 vya mpira, na sehemu kubwa ni ziwa. Lakini udogo huo ndio raha yenyewe, maana mtu anakizunguka kwa miguu na bado jioni anawahi kurudi nyumbani.

Mazoezi ya mawe

Asidharau mtu. Kisiwa kimejaa majabali kama yale yaliyoipa Mwanza jina la Jiji la Miamba, na njia zake zinapanda na kushuka. Makocha wengi hupeleka timu zao mlimani au ufukweni kabla ya msimu ili kujenga pumzi na mapaja. Hapa vilima vipo, na kila hatua kwenye jiwe inalazimisha kifundo cha mguu kufanya kazi. Aliyezoea kukaa jukwaani akila karanga atajua mapema kama yuko fiti.

Ukifika juu, malipo yako ni upepo wa Ziwa Victoria na jiji zima mbele ya macho. Njiani kuna swala pala, tumbili watundu, na pimbi wanaoota jua maweni. Kenge nao wapo, na ndege wa majini hawahesabiki. Asiyetaka kupanda anaweza kuzunguka kwa boti, kutazama ndege au kukaa kivulini na familia na chakula chao.

Siku ya mechi

Kwa shabiki anayetoka Musoma, Bunda au Tarime kuja kuangalia mechi CCM Kirumba, siku huwa ndefu. Wengi wakishuka kwenye basi wanaishia vibanda vya chipsi na baa kusubiri saa 10 jioni. Wakati huo unatosha kabisa kwa Saanane. Kutoka Buzuruga ni daladala hadi mjini, kisha bajaji au bodaboda mpaka ofisi za hifadhi Capri Point. Boti yenyewe haichukui muda. Ni dakika chache tu. Kiingilio cha Mtanzania ni cha chini kuliko cha mgeni wa nje. Anayevuka asubuhi anarudi mchana, anakula sato wake, na kipenga kinamkuta ameshaketi.

Kadi nyekundu

Boya la kujiokolea si urembo. Jiji hili lilizika Igoma, mbele kidogo ya Buzuruga, wahanga wa MV Bukoba waliozama Mei 21, 1996, na wapo wazee ambao mpaka leo hawataki kusikia habari ya kupanda chombo. Dawa ya hofu hiyo ni kuvaa boya, kulifunga vizuri na kukataa boti iliyojaza.

Kuogelea, sahau. Mamba wapo, na maji ya ziwa yana kichocho. Mtu asiwakimbize wanyama wala asiwalishe, na asimwache mwongozaji nyuma akidhani yuko kwenye mbio. Vuvuzela ibaki kwenye begi kusubiri Kirumba. Takataka alizokuja nazo arudi nazo.

Si mbadala wa barabara

Hata hivyo, Saanane haiwezi kumaliza tatizo la Jumamosi alfajiri. Fundi wa Buzuruga anayekimbia mara tatu kwa wiki hawezi kila mara kulipa nauli, boti na kiingilio ili anyooshe miguu. Huyo anahitaji njia ya waenda kwa miguu isiyogeuzwa gulio, kiwanja cha mtaa ambacho hakijauzwa, na dereva anayepunguza mwendo akiona watu.

Kisiwa kinachofanya ni kumwonyesha ladha ya kitu ambacho jiji limekisahau. Kwa saa tatu anatembea, anapanda, anahema, watoto wametangulia mbele, na hakuna hata mara moja anapolazimika kugeuka nyuma. Akionja hivyo, ataanza kuidai hata mtaani kwake.