Manowari Zinazoundwa Juu ya Meza

Ni wachache kati yetu wana wa pwani ambao utotoni hawakupata kuchonga kijahazi cha mti, wakakitweka kipande cha kitambaa kuwa tanga, kisha wakakiachia majini. Wengi tuliuacha mchezo huo tulipokua. Lakini wako watu wazima, wenye wake na watoto, ambao hukesha juu ya meza wakiunda merikebu ndogo za plastiki, hasa manowari za kubebea ndege zilizopigana katika Vita Vikuu vya Pili. Msomaji, usiharakie kuwacheka.

Chimbuko moja kubwa la kazi hii ni mji wa Shizuoka, Japani. Kampuni ya Tamiya ya mji huo ilianza mwaka 1946 na biashara ya mbao, ikaingia katika kuunda mifano ya mbao, kisha ikageukia plastiki. Mwaka 1971 Tamiya, Hasegawa, Fujimi na Aoshima zilishirikiana kutoa manowari za kipimo kimoja, 1 kwa 700. Meli hizo zimekatwa kwenye usawa wa maji. Hazina mkuku wala tumbo, ndiyo maana ukiiweka moja mezani utadhani inaelea.

Tuchukue mfano wa Hermes ya Uingereza, ambayo Aoshima imeitoa kwa kipimo hicho. Hermes ilianza kujengwa mwaka 1918, ikiwa imebuniwa tangu mwanzo iwe ya kubebea ndege, na ikaingia kazini mwaka 1924. Urefu wake ulikuwa mita 183. Juu ya meza ni sentimita 26, hata rula ya shule yaizidi. Ndege zake za Swordfish, zenye mabawa ya ngazi mbili, hazitimizi sentimita mbili kutoka ncha hadi ncha, na baharia wake ni sawa na nusu ya punje ya mchele.

KAZI YA SUBIRA

Vipande huja vimeshikana na vijiti vya plastiki. Fundi hukata kimoja kimoja, akasugua kovu lake kwa msasa, ndipo akatia gundi. Gundi hiyo huyeyusha plastiki kidogo ili pande mbili ziwe kitu kimoja; ikizidi, huharibu kilichokuwa kizuri. Huanza na ubavu wa meli, kisha sitaha, kisha ule mnara wa upande wa kulia wenye mlingoti wa miguu mitatu.

Vizuizi vya kandokando ya sitaha ndivyo humtoa mtu jasho. Plastiki haiwezi kuwa nyembamba kiasi hicho, basi hutumiwa bamba la shaba lililoliwa na asidi mpaka likabaki kama wavu. Hivyo hubandikwa mwisho, maana kidole kimoja kikiteleza kazi ya wiki nzima imepotea. Nyaya za mlingotini nazo fundi hujitengenezea mwenyewe: huchukua kijiti kilichobaki, akakipasha moto wa mshumaa mpaka kilainike, kisha akakivuta polepole kikawa chembamba kama unywele.

MELI YA SIKU GANI?

Lakini kuna swali ambalo mikono hodari pekee haiwezi kulijibu. Meli hubadilika: leo ina silaha hizi, mwakani zile, leo imejaa ndege, kesho haina. Kwa hiyo fundi wa kweli hajengi Hermes tu, hujenga Hermes ya siku fulani.

Akipenda ndege sitahani, na aijenge ya Februari 1941. Wakati huo ilikuwa katika bahari yetu hii, ndege zake zikizisaka meli zilizokuwa zikitoroka Kismayu, na mji huo ukatekwa tarehe 14 na majeshi yaliyotokea Kenya.

Lakini akichagua tarehe 9 Aprili 1942, mambo hugeuka. Siku hiyo Hermes ilikuwa imetoka Trincomalee, kisiwani Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ili ikwepe mashambulizi ya Wajapani. Ndege zake zilikuwa zimebaki nchi kavu. Wajapani waliigundua karibu na Batticaloa. Iliomba ndege za kuilinda, lakini hazikufika kabla haijazama. Watu 307 walikufa, nahodha wao akiwa miongoni mwao.

Hapo ndipo fundi hupimwa. Ndani ya sanduku ziko ndege ndogo nzuri, na sitaha bila ndege huonekana kama kazi isiyokwisha. Jicho lataka pambo. Lakini akizibandika atakuwa amewapa wale mabaharia ulinzi ambao siku ile hawakuwa nao, na mfano wake utakuwa umesema uongo.

Habari hizi si za watu wa mbali tu. Baada ya mashambulizi hayo ya Aprili 1942, Waingereza waliyahamishia Kilindini makao ya manowari zao za Bahari Hindi, na Mombasa ikajikuta ndani ya vita vilivyoanzia mbali.

Basi ukikaribishwa nyumbani kwa fundi wa namna hii, ukaiona Hermes yake imetulia juu ya kabati, sitaha yake tupu toka omo hadi tezi, usimwulize mbona hakuimaliza. Ameimaliza.