Kwa Nini Shule Yenye Walimu Wengi Hukosa Mwalimu wa Fizikia

Katika mikutano ya vijiji na mitaa, swali hili halikosekani: shule ya kata ina walimu wa kutosha, iweje wanafunzi wa kidato cha tatu wamalize muhula bila kufundishwa fizikia? Jibu limo katika ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika katika kituo cha kazi.

Ikama ya sekondari haina budi kusomwa kwa somo, si kwa vichwa. Chukua mfano wa shule yenye mikondo mitatu kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne: hayo ni madarasa 12. Tuseme kila darasa linahitaji vipindi 6 vya hisabati kwa wiki. Jumla ni vipindi 72. Ratiba ya vipindi 8 kwa siku ina vipindi 40 tu kwa wiki nzima. Mwalimu mmoja wa hisabati, hata asipopumzika kabisa, hawezi kuvimaliza. Walimu wanane wa historia na Kiswahili waliopo shuleni hapo hawapunguzi pengo hilo, ingawa kwenye orodha shule itaonekana imejaa.

Orodha huficha mengine pia. Mwalimu aliye kwenye likizo ya uzazi ya siku 84, au aliye masomoni, huendelea kuhesabiwa.

Halmashauri haiajiri mwalimu wa kudumu kwa uamuzi wake yenyewe. Mkuu wa shule hupeleka mahitaji kwa Afisa Elimu Sekondari. Mahitaji hayo huingizwa katika bajeti ya mishahara ya mwaka wa fedha unaoanza Julai mosi. Kibali cha ajira hutolewa na Ofisi ya Rais inayosimamia utumishi wa umma. Kisha hufuata usaili wa Sekretarieti ya Ajira na upangaji wa vituo. Ndiyo maana nafasi iliyoachwa wazi Agosti, bajeti ikiwa imekwisha kupitishwa, yaweza kukaa muda mrefu bila kujazwa.

Hata hivyo, si kila pengo ni la ghafla. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na tarehe ya kuzaliwa ya kila mwalimu imo kwenye jalada lake. Shule inayosubiri mwalimu aage ndipo iandike barua imejichelewesha yenyewe.

Wakati wa kusubiri, Mkurugenzi anaweza kumhamisha mwalimu kutoka shule yenye ziada ya somo husika ndani ya halmashauri. Hapa ndipo shule za pembezoni hupoteza, kwa kuwa mwalimu asiye na nyumba karibu na kazi huomba uhamisho mapema. Nyumba ya mwalimu iliyokwama kwenye lenta ni suala la ikama kama lilivyo la ujenzi.

Baadhi ya wazazi huchangia posho ya mwalimu wa muda. Mchango huo ni wa hiari. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 unaeleza kuwa elimumsingi bila malipo haina ada wala michango ya lazima. Mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hakuchangia.

Mzazi anayetaka kujua hali ya shule yake aiulize bodi ya shule mambo mawili: upungufu ni wa masomo gani, na taarifa yake ilipelekwa lini kwa Afisa Elimu Sekondari.