Mtoto wetu anataka kuwa msaikolojia: asome wapi, na kwa miaka mingapi?

Vijana wakiisha kupokea matokeo ya Mtihani wa Serikali, wazazi wengi wa Kindu huwa na majina matatu tu vinywani mwao: daktari, mwanasheria, mhandisi. Akija mtoto akasema, "Baba, mimi nataka kusoma saikolojia," nyumba yote hunyamaza. Mama huuliza kama ndiyo kazi ya kulinda wenye wazimu. Baba huuliza ni nani atakayemlipa. Mjomba husema kwamba kusikiliza watu wenye huzuni ni kazi ya mchungaji, wala haihitaji chuo kikuu. Maswali haya ni mema. Tutayajibu, ingawa si kwa mpangilio huo.

NI MTU WA NAMNA GANI?

Saikolojia ni elimu ya nafsi ya mtu: jinsi anavyofikiri, anavyokumbuka, anavyoogopa, anavyojifunza, anavyoishi na wenzake. Elimu hii si ya kale sana. Watu huhesabu mwanzo wake tangu 1879, Wilhelm Wundt alipofungua chumba cha kufanyia majaribio katika chuo kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Yeye aliyesoma elimu hii mpaka mwisho huitwa msaikolojia. Wengi wetu humwita "psikologe" kwa matamko ya Kifaransa.

Msaikolojia si daktari wa magonjwa ya akili. Daktari huyu husoma kwanza udaktari wote, kama wale wanaopasua na kuzalisha, halafu huongeza miaka ya kusoma magonjwa ya akili peke yake. Yeye huandika dawa. Msaikolojia haandiki dawa wala hapigi sindano. Kazi yake ni kusikiliza kwa utaratibu, kuuliza, kupima kwa maswali na michoro, na kumfundisha mgonjwa hatua kwa hatua namna ya kushindana na hofu au huzuni yake. Wawili hawa wakifanya kazi pamoja, mgonjwa hupata faida.

Tuseme kuna mama aliyekimbia vita. Hapati usingizi. Mlango ukigonga, moyo wake unaruka. Hataki kupita penye kundi la wanaume, na mtoto akilia humpiga bila sababu. Hospitali wamempima damu na choo, hawakuona kitu. Akipewa kidonge cha usingizi atalala, lakini asubuhi hofu iko palepale. Mtu huyu hakurogwa, wala si mwongo. Anahitaji msaikolojia, au mtu aliyefundishwa na msaikolojia.

Lakini mtoto anayeanguka na kutoa povu ana kifafa, nacho ni ugonjwa wa ubongo. Apelekwe kwa daktari au mwuguzi, apewe dawa ya kila siku, wala asiiache kwa sababu amekaa mwezi mzima bila kuanguka. Vilevile mtu aliyeanza kusema maneno ya ovyo jana, naye ana homa kali, asipelekwe kwa msaikolojia wala kwa mfumu. Malaria huweza kushika ubongo. Akimbizwe hospitali usiku huohuo.

KWA NINI KISANGANI?

Elimu hii ilipofika kwetu haikuja kwanza kutibu. Ilikuja kupima. Wakati wa Wabelgiji, wataalamu walikuja na michoro na maswali ili wajue ni mtu gani anafaa kazi gani, na eti watu wa Kongo hufikiri namna gani. Mmoja wao, André Ombredane, alitoa mwaka 1954 kitabu cha kipimo cha picha kilichofanywa kwa ajili ya watu wa Kongo. Baadhi ya maneno yaliyoandikwa siku zile juu ya akili ya Mwafrika yanachukiza leo, na ni vizuri mwanafunzi ayajue, maana vipimo vingine anavyofundishwa sasa vilitengenezwa kwa watoto wa Ulaya.

Mwaka huohuo wa 1954 chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville. Chuo cha Serikali kilifuata Élisabethville mwaka 1956. Mwaka 1963 makanisa ya Kiprotestanti yalianzisha Chuo Kikuu Huru cha Kongo huko Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani. Mwaka 1971 Serikali iliviunganisha vyote vitatu kuwa chuo kimoja cha taifa, ikagawanya masomo mji kwa mji. Katika mgawanyo huo saikolojia na elimu ya ualimu ziliwekwa Kisangani. Mwaka 1981 vyuo vilitengana tena, na leo unaweza kusoma saikolojia Kinshasa na Lubumbashi pia. Lakini kwa mtu wa Maniema jina la Kisangani ndilo linalokuja kwanza, maana tuko juu ya mto uleule. Mashua hushuka Lualaba kutoka Kindu mpaka Ubundu, karibu kilomita 300. Hapo maporomoko huzuia njia, ndiyo sababu ilijengwa reli ya kilomita 125 kwenda Kisangani. Mzazi aulize kwanza kama garimoshi linatembea, kabla hajauza mbuzi kwa ajili ya safari.

MIAKA MINGAPI?

Wazee waliosoma zamani watakuambia: "graduat" miaka 3, kisha "licence" miaka 2. Utaratibu huo umeachwa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilileta utaratibu mpya, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vilianza kuufuata kwa nguvu. Sasa licence yenyewe ni miaka 3, baada yake master miaka 2, na baada ya master, kwa wachache, udoktari wa miaka 3 au zaidi. Masomo huhesabiwa kwa krediti, 60 kila mwaka. Basi licence ni krediti 180, na master ni 120 juu yake.

Hapa wazazi wengi hukosea. Neno "licence" limebaki lilelile, lakini maana yake imebadilika. Licence ya zamani ilikuwa mwisho wa miaka 5; licence ya sasa ni mwisho wa miaka 3. Kijana mwenye licence mpya amejifunza msingi. Anaweza kusaidia katika shule, katika ofisi ya wafanyakazi, au katika kazi ya jamii chini ya mtu mwingine. Lakini akitaka kukaa peke yake mbele ya mgonjwa na kumtibu, yafaa awe na master, na katika master hiyo achague tawi la wagonjwa, liitwalo saikolojia ya kliniki. Kwa hiyo jamaa wahesabu miaka 5, si 3. Tumeona fedha za ukoo zikiisha katikati ya safari kwa sababu hakuna aliyefanya hesabu hii mapema.

Diploma ya Serikali ya sehemu yo yote hufungua mlango wa licence, lakini aliyesoma sehemu ya pedagojia amekwisha kuonja saikolojia shuleni, na aliyesoma biolojia na kemia hatahangaika na somo la ubongo. Kifaransa ndicho kisu cha kazi. Anayesoma Kifaransa kwa shida ataumia mwaka wa kwanza, hata akiwa na akili nyingi.

Jambo jingine huwashangaza vijana: hesabu. Hufikiri watakwenda kujifunza kusikiliza watu, na mwezi wa kwanza wanakutana na takwimu. Wengine hukata tamaa hapo. Wavumilie. Bila takwimu, msaikolojia hawezi kujua kama dawa ya maneno aliyoitoa imesaidia, au kama mgonjwa angalipona hata bila yeye. Pamoja na hayo watasoma kukua kwa mtoto, ubongo na mishipa ya fahamu, maisha ya watu katika makundi, namna ya kutumia vipimo, magonjwa ya nafsi, na siri ya kazi, yaani kutomwambia mume wala mchungaji wala chifu neno alilolisema mgonjwa, ila pale ambapo uhai wa mtu uko hatarini. Kisha kuna staji. Huko Kinshasa chuo kikuu kina hospitali yake ya magonjwa ya akili, iitwayo CNPP. Swali la kuuliza kabla ya kulipa minervali ni hili: wanafunzi wenu hufanya staji wapi, na nani huwasimamia? Chuo kisichoweza kujibu hakitamfanya mtoto wako kuwa mtibu.

Tena uliza karatasi ya kibali cha Wizara ya Elimu ya Juu. Shule nyingi za watu binafsi zimefunguliwa, na si zote zinazotambuliwa. Diploma isiyotambuliwa ni karatasi tu.

NANI ATAMLIPA?

Tuseme kweli. Hospitali nyingi za Serikali hazina nafasi ya msaikolojia, na mshahara wa Serikali huchelewa. Mashirika ya msaada huajiri wengi, hasa mahali penye watu waliokimbia vita, lakini mkataba huisha pamoja na mradi. Wengine hufundisha, wengine hushauri wanafunzi katika uchaguzi wa masomo, wengine huingia kampuni kuchagua na kusimamia wafanyakazi. Si kazi ya utajiri wa haraka.

Lakini kazi yenyewe ipo. Kindu iliona vita ya 1964, ikaona tena ile iliyoufikia mji Oktoba 1998, na watoto wa siku zile ndio wazazi wa leo. Mfano ulio karibu nasi ni hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyo chini ya jumuiya ya Kiprotestanti ya CEPAC. Daktari Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Wengi wanajua kwamba pale hushonwa majeraha ya wanawake walioharibiwa na wanaume wenye silaha. Wachache wanajua kwamba karibu na daktari wa upasuaji kuna msaikolojia, na kuna wanawake wanaoitwa "mama cheri", ambao hukaa na mgonjwa kabla na baada ya upasuaji.

MCHUNGAJI NA WASAIDIZI

Mjomba ana haki kidogo. Mchungaji husikiliza, na watu humwamini, na mtu aliyesikilizwa vizuri hupata nafuu. Tena si lazima kila msaidizi awe na master. Mwaka 2013 jarida kubwa la madaktari la Marekani lilitoa habari za kazi iliyofanywa katika vijiji vya Kivu, mkoa ambao Maniema ilikuwa sehemu yake hadi 1988. Wanawake 405 waliotendewa jeuri walisaidiwa kwa njia mbili. Katika vijiji vingine walipata msaada wa kawaida, mmoja mmoja. Katika vingine walikusanyika katika makundi, wakafundishwa kwa mikutano 12 jinsi ya kuyachunguza mawazo yanayowatesa, kama lile la "kosa ni langu". Waliofundisha walikuwa wanawake wa Kongo wasio wasaikolojia, waliopewa mafunzo na kusimamiwa na wataalamu. Baada ya miezi 6, kati ya wanawake 100 wa makundi yale, 9 tu walibaki na dalili za huzuni au hofu kubwa. Kwa wale wengine walibaki 42 kati ya 100.

Tazama lakini: njia ile ilibuniwa na wasaikolojia, na bila wao wasaidizi wasingalijua wafanye nini. Ndivyo tunavyomjibu mjomba. Mchungaji naye akutane na mtu anayesema anataka kujiua, au anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, au aliyeacha kula, asimweke nyumbani kwa maombi peke yake. Aombe, na amlete hospitali.

NJE YA KONGO

Wako wanaouliza juu ya Uganda na Kenya. Makerere, Kampala, wana master ya saikolojia ya kliniki. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 juu ya washauri na wasaikolojia. Masomo yote huko ni kwa Kiingereza, Diploma yetu lazima ilinganishwe kwanza na ya kwao, na gharama ni kubwa. Sisi twaona ni afadhali kijana amalize licence nyumbani, kisha atafute master nje akiwa mtu mzima mwenye kujua anachotaka.

Kwa njia ya mashariki, mtu akumbuke kwamba Goma ilitwaliwa na M23 Januari 2025, na Bukavu Februari 2025. Asisafiri kwa habari za zamani.

Aanze hapahapa. Aende Chuo Kikuu cha Kindu na ISP, aulize ni masomo gani yamefunguliwa mwaka huu kwa mwenye Diploma kama yake, maana mwanafunzi anayelala kwao halipi chumba wala chakula. Akiwa lazima aende Kisangani, Kinshasa au Lubumbashi, achukue Diploma ya Serikali au cheti cha muda, bulletini za miaka ya mwisho ya sekondari, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema na picha ndogo. Atoe nakala za kila karatasi na kuziacha kwa mama yake, na zile za asili azifunge ndani ya plastiki mbili, kwa ajili ya maji ya mto.