Chombo Ulichobuni ni Jasho Lako



Fundi akikosa spana hutengeneza spana. Jambo hili kila mtu aliyefanya kazi katika karakana za Kasese au Bwera analijua. Kipuri kiko Kampala, chombo cha kukifungulia kiko Ulaya, mashine imesimama hapa, na msimamizi anatazama saa. Basi fundi huokota kipande cha springi ya lori, hukikata, hukitoboa, hukitia bolti, na jioni mashine inazunguka. Kesho yake hakuna anayeuliza chombo kile kimetoka wapi.

Makala hii yauliza. Nitaeleza mambo matatu: jinsi vyombo hivi vinavyofanya kazi, jinsi ya kuvipima visituumize, na jinsi ya kuvilinda ili jasho la fundi lisigeuke faida ya mtu mwingine. Hilo la tatu ndilo kubwa, lakini halieleweki bila mawili ya kwanza.

UFUNDI WETU ULIKOTOKA

Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kuja kuchukua shaba ya Kilembe. Mgodi ulileta watu wa makabila mengi na nchi nyingi, na Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana kazini. Ulileta pia karakana. Humo wazee wetu walijifunza kukereza vyuma, kuchomelea na kufufua pampu zilizokufa. Uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini ufundi haukufungwa pamoja na mgodi. Ulitoka na wazee ukaingia katika gereji za mjini, viwanda vya kuchambua pamba, mashine za kukoboa kahawa, hadi Bwera, ambako leo vijana wanafungua pikipiki kando ya njia ya kwenda Mpondwe.

Wengi wetu hatukupita chuo. Mimi mwenyewe niliishia shule ya msingi. Lakini kubuni chombo hakuhitaji cheti. Kunahitaji mtu aliyeumizwa vidole na chombo kibaya mara nyingi, akachoka.

VYOMBO VITATU VYA KUTENGENEZA WENYEWE

Cha kwanza ni tesita ya umeme. Chukua balbu ndogo ya volti 12 na nyaya mbili. Waya mmoja utie kibano, wa pili utie ncha kali ya chuma. Kibano kifunge kwenye chuma cha bodi ya gari kisicho na rangi wala kutu. Ncha gusa pale unapotaka kujua kama umeme umefika. Balbu ikiwaka vizuri, umefika. Isipowaka kabisa, kuna waya uliokatika au fyuzi iliyoungua kabla ya hapo. Ikiwaka kwa unyonge, umeme unapita kwa shida: tafuta kiungo kilicholegea au kilicholiwa na kutu.

Lakini angalia. Malori mengi makubwa yana volti 24, na balbu ya volti 12 itaungua hapo hapo. Tena magari ya siku hizi yana kompyuta, na nyaya zake hazikukusudiwa kubeba umeme mwingi unaonywewa na balbu. Kwa nyaya hizo tumia taa ndogo ya LED pamoja na rezista ya omu 1,000, ambayo kwenye volti 12 hunywa umeme kidogo sana. Taa hiyo huwaka upande mmoja tu, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye betri kabla ya kuiamini.

Cha pili ni geji ya kupima kompresheni ya injini ya petroli. Chukua plagi ya zamani, toa kaure yake ya ndani ibaki nyuzi zake na tundu. Unganisha na valvu ya tyubu, kisha mpira wa presha, kisha geji ya upepo ya matairi ya lori. Kazi ya valvu ni kuzuia upepo usirudi, ili sindano ya geji ibaki palepale presha ilipofika juu. Bila valvu sindano itarukaruka na hutasoma kitu.

Ondoa plagi zote, kata umeme wa plagi, funga geji kwenye silinda ya kwanza, mwenzako akanyage mafuta mpaka mwisho, kisha zungusha injini kwa stata. Andika namba. Fanya hivyo kwa kila silinda. Namba zako huenda zisilingane na za kitabu cha kiwanda, lakini tofauti baina ya silinda na silinda itakuambia ukweli. Silinda moja ikiwa chini sana, mimina kijiko cha oili ndani yake, upime tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Isipopanda, shaka iko kwenye valvu au gasketi. Hivyo umejua ugonjwa kabla ya kufungua injini, na mteja hakulipia kazi ya bure. Usithubutu kutumia geji hiyo kwa dizeli. Kompresheni ya dizeli ni zaidi ya mara mbili ya petroli, na geji inaweza kukupasukia usoni.

Cha tatu ni pula ya kutolea beringi na puli. Tumezoea kupiga nyundo. Nyundo hupasua puli, hupinda shafti, na kipande cha chuma kikiruka hutafuta jicho. Pula ni kipande cha juu, miguu miwili yenye kulabu, na bolti katikati. Kulabu hushika beringi, ncha ya bolti husukuma shafti. Bolti yenye nyuzi za milimita 1.5 husogea milimita 1.5 tu kwa mzunguko mzima, na ndiyo sababu nguvu ndogo ya mkono hugeuka nguvu kubwa kwenye ncha. Springi ya lori ni chuma kizuri cha kutengenezea miguu, lakini ni heri kuifunga kwa bolti kuliko kuichomelea. Ikikulazimu kuitia moto, usiipoze kwa maji. Itakuwa ngumu kama kioo na itavunjika kama kioo. Ifukie kwenye majivu ipoe polepole.

CHOMBO KISICHOPIMWA NI MWONGO

Sisi watu wa Kasese tunao mfano mkubwa wa chombo kisichojaribiwa sawasawa. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 pale Katwe pakajengwa kiwanda cha kisasa cha chumvi kwa gharama kubwa na utaalamu wa ng'ambo. Maji ya ziwa lile yakala mabomba, na kiwanda hakikudumu. Watu wa Katwe wakaendelea kuchota chumvi kwa mikono kama babu zao. Tusicheke. Kama mtambo wa wataalamu ulishindwa kwa kutopatana na maji ya mahali, je, pula yangu niliyoichomelea jioni moja?

Basi kabla ya kumpa mwenzako chombo ulichobuni, fanya haya:

1. Kijaribu kwa mzigo uliozidi kidogo ule wa kawaida, wewe ukiwa mbali, au kikiwa kimefunikwa kwa gunia zito.

2. Kama ni cha kupimia, kilinganishe na kile unachojua ni sahihi. Tesita ijaribu kwenye betri nzima kila asubuhi. Geji ilinganishe na geji nyingine iliyo nzuri.

3. Mpe mtu mwingine akitumie bila wewe kumwelekeza. Akikosea, kosa huenda ni la chombo, si lake.

4. Kitumie kwa kazi 10 na uandike: tarehe, mashine, muda uliotumika zamani, muda uliotumika sasa, na kilichoharibika.

Tena tusisahau: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri kuweka mitambo na njia za kazi zilizo salama. Fundi kubuni chombo si sababu ya mwajiri kuacha kununua vyombo. Anayesema "nyinyi ni wajanja, mtapata njia" anatusifu ili asitoe pesa.

KOFIA NA SODA

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nikiwa kijana nilifanya kazi na fundi mmoja katika karakana ya shamba kubwa, ambalo sitalitaja. Puli za mashine zilikuwa zikitolewa kwa nyundo, nusu siku kwa puli moja. Mzee yule akabuni pula ya miguu mitatu iliyoitoa kabla ya chai. Meneja alifurahi sana. Akaja mtu kuichora, ikatengenezwa nyingine kwa kila karakana ya shamba lile. Siku ya sherehe mzee alipewa kofia na soda, tukapiga makofi. Baada ya muda watu walipopunguzwa, naye alipunguzwa. Pula zilibaki kazini. Nami nilipiga makofi pamoja na wengine, maana sikujua kama kulikuwa na neno la kusema.

Neno lilikuwapo. Sikilizeni kisa cha kijana wa Marekani, Peter Roberts. Alikuwa na miaka 18, mwajiriwa wa duka la kampuni kubwa iitwayo Sears. Kwa muda wake mwenyewe alibuni racheti ambayo soketi yake hutoka kwa kubonyeza kitufe kwa mkono mmoja, usihangaike kuichomoa kwa vidole vyenye grisi. Mwaka 1964 aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu. Kampuni ikamwambia kuwa kitu chake hakina thamani kubwa. Akakubali senti 2 kwa kila racheti, na jumla isizidi dola 10,000. Pigeni hesabu: dola 10,000 kwa senti 2 ni racheti 500,000. Idadi hiyo iliuzwa kwa miezi tisa tu. Tangu hapo hakudai kitu, na kati ya 1965 na 1975 kampuni ikauza racheti karibu milioni 19. Ilikuwa inajua tangu mwanzo kwamba kitu ni kizuri, kwa sababu ilikuwa imekwisha kipima. Roberts alikwenda mahakamani, baraza la wazee wa mahakama likampa dola milioni moja kwa kudanganywa, na mwaka 1978 mahakama ya rufani ikathibitisha malipo hayo.

Oneni alichokosa. Akili alikuwa nayo, hata hataza aliomba. Alipokaa mezani kupatana alikuwa peke yake, bila mtu wa kumwambia thamani ya kazi yake.

SHERIA YETU NA MAPATANO YETU

Uganda inayo Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2014. Kwa sheria hiyo, kitu kilichobuniwa katika kutekeleza kazi uliyoajiriwa kuifanya ni haki ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Yasomeni tena maneno hayo ya mwisho: isipokuwa mkataba useme vingine. Hapo ndipo mlango wa chama ulipo. Mkataba ukinyamaza, mwajiri amechukua. Mkataba ukisema, fundi anapata.

Kwa vifaa vidogo vya mikono sheria inacho cheti chake, kisichodai ugunduzi mkubwa kama hataza. Maombi hupelekwa kwa ofisi ya serikali ya usajili, URSB, huko Kampala. Lakini chombo lazima kiwe kipya. Tesita na geji nilizoeleza hapo juu zinajulikana dunia nzima, hakuna awezaye kuzisajili. Na ukiwa na kitu kipya kweli, usikionyeshe hadharani kabla ya kupata ushauri.

Kwa hiyo nawaomba wawakilishi wa matawi, tunapokwenda kuandika upya mapatano na waajiri, tuingize haya: Kilichobuniwa na mfanyakazi nje ya kazi aliyoajiriwa, kwa muda wake na vitu vyake, ni chake. Kilichobuniwa kazini na mwajiri akakitumia, kilipiwe kwa hesabu iliyokubaliwa na chama. Jina la mbunifu liandikwe. Malipo yasiishe kwa sababu mtu ameachishwa kazi. Na chombo kikipunguza saa za kazi, asipunguzwe mtu kabla ya mazungumzo. Tukikosa hili la mwisho, wenzetu watauchukia ubunifu, na watakuwa na haki.

Nawe fundi, nunua daftari. Chora chombo chako, andika vipimo, tarehe, na majaribio yale 10. Waite wenzako wawili watie sahihi. Kisha mwone mwakilishi wa tawi lako kabla hujamwona meneja.

Mzee yule wa pula yu hai, anatengeneza pikipiki kwake Bwera. Nilimtembelea nikamwomba anichoree ile pula. Aliichora kwa mkaa kwenye kipande cha boksi, na vipimo vyote alivikumbuka. Nikamwuliza kama aliwahi kuviandika mahali. Akasema, "Mwanangu, hakuna aliyeniambia."

Sasa tumeambiana.