Pikapu ya Nyumbani: Kila Kiongezwacho Kina Kinachopunguza



Katika nyumba nyingi za pwani yetu, tokea Lunga Lunga hadi Mokowe, pikapu si chombo cha mizigo pekee. Alfajiri hubeba magunia ya viazi kutoka Kongowea, adhuhuri huwarejesha watoto kutoka madrasa, jioni husafirisha masufuria ya biriani hadi nyumba ya harusi, na usiku wa dhiki ndiyo impelekayo mja mzito hospitalini. Kwa hivyo mazungumzo ya kuipamba na kuiongezea vifaa hayafai kuachiwa vijana na mafundi wa gereji peke yao. Aghalabu mama wa nyumba huyajua mabadiliko hayo fedha zikishatoka, ilhali yeye na wanawe ndio wapandao kila siku.

Sisi wenyewe tulifunzwa somo hili kwa hofu. Pikapu yetu ilikuwa imeanza kuinama nyuma kwa uzito wa vyombo vya upishi, nasi tukaipeleka kwa fundi. Akaongeza bamba moja la springi kila upande. Gari likainuka, likapendeza, nasi tukamshukuru. Siku chache baadaye tukaelekea harusini Kilifi, viti vimejaa na mzigo uko nyuma. Tulipofika Mtwapa, tuktuk ikaingia barabarani ghafla. Dereva alikanyaga breki, pua ya gari ikainama, lakini gari lenyewe likakawia kusimama. Lilipotulia, zilibaki hatua mbili tu kuifikia ile tuktuk, na ndani yake alikuwamo mwanamke amempakata mtoto mchanga. Alhamdulillah, hakuna aliyeumia. Lakini safari iliyobaki hapakuwa na aliyesema neno.

Fundi mwingine, mtu mzima, ndiye aliyetufumbua macho. Alilala chini ya gari akatuonyesha valvu ndogo ya breki, iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo nyembamba. Katika pikapu za aina ile, gari linaposhuka kwa mzigo, fimbo hiyo huisukuma valvu, nazo breki za nyuma hupata nguvu zaidi. Gari likiwa tupu hukaa juu, na valvu huzipunguzia breki hizo nguvu ili magurudumu ya nyuma yasijifunge yakateleza. Springi zetu mpya zilikuwa zimeliinua gari, basi valvu ikalichukulia kuwa tupu. Tulisafiri na mzigo kamili kwa breki za gari lisilo na kitu. Fundi wa kwanza hakuirekebisha fimbo ile, wala sisi hatukujua kuuliza.

Tangu siku hiyo tumeshika kanuni moja: kila kiongezwacho kwenye gari kina kinachopunguza mahali pengine. Kabla ya kuuliza bei, tuulize kitakachopungua.

Kinachopungua kwanza ni uwezo wa kubeba. Mtengenezaji huweka kikomo cha uzito wa gari pamoja na watu na shehena yote, na aghalabu hukiandika kwenye kibandiko au kibati kilichoko kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Tuchukue mfano wa pikapu yenye uzito wa kilo 2,000 na kikomo cha kilo 2,900. Zabaki kilo 900. Watu watano wa kilo 70 huchukua 350, zikabaki 550. Tukifunga chuma cha kulinda mbele, kile kiitwacho bulbaa, cha kilo 50, kanopi ya kilo 70 na keria ya kilo 30, zabaki 400. Sasa tukiweka tangi la lita 500 lililojaa maji, ambalo ni kilo 500 kabla ya kuhesabu tangi lenyewe, tumekwisha kupita kikomo kwa kilo 100. Wala springi ngumu hazibadilishi hesabu hii. Huzuia gari lisiiname tu. Breki, ekseli na fremu ni zile zile za kiwandani.

Pili ni uthabiti. Wazee wetu mabaharia walijua kwamba shehena nzito hukaa chini, na chombo kilichopakiwa juu hupinduka kwa wimbi dogo. Gari lililoinuliwa, likawekewa na keria iliyosheheni mikeka na viti, lina tabia hiyo hiyo kwenye kona. Tairi kubwa nazo hudanganya mshale wa mwendo. Anayetoka kwenye tairi ya 265/65 R17 kwenda 265/70 R17 huongeza kimo cha gurudumu kwa zaidi ya asilimia 3. Mshale ukionyesha 100, gari laenda takriban kilomita 3 zaidi ya vile lilivyokuwa likienda zamani mshale ukiwa pale pale.

Tatu ni usalama wa wengine, na dini yetu haituruhusu kujilinda kwa kumdhuru mwenzetu. Bulbaa ya chuma kigumu hukinga taa za gari dhidi ya ng'ombe na matawi, lakini ikimgonga mtoto avukaye barabara haina ulaini wa bampa iliyoundwa kubonyea. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya uliweka kanuni za vyuma hivyo mwaka 2005. Bulbaa isiyotengenezwa kwa ajili ya gari lenyewe yaweza pia kuvuruga wakati wa kufumuka kwa mifuko ya hewa inayowakinga walioketi mbele. Taa kali za juu nazo, zikiwashwa kwenye barabara ya Malindi usiku, humpofusha anayekuja upande wa pili, naye yumkini ana familia kama yetu. Na nyaya zake zikiunganishwa bila fyuzi, huweza kuanzisha moto.

Hapa pwani lipo la nne: chumvi. Kila tundu linalotobolewa kwenye bodi ili kufunga kanopi au keria ni mlango wa kutu, na upepo wa bahari haukawii kuingia. Fundi mwema hupaka rangi ya kuzuia kutu kwenye ukingo wa kila tundu na kuweka mpira kati ya aluminiamu na chuma, kwa kuwa madini hayo mawili yakigusana penye maji ya chumvi hulana. Tumwombe afanye hivyo tukiwa tunatazama.

Lakini lituumizalo moyo zaidi ni mabenchi. Wengi wetu tumewahi kupanda nyuma ya pikapu kwenda mazikoni au harusini, tumebanana kwenye mabenchi yaliyochomelewa, watoto wamepakatwa. Kanopi hutukinga jua na kutusitiri, nasi tukadhani tumekingwa na ajali pia. Sivyo. Hapana mkanda, hapana kiti kilichofungwa kwa kipimo, na gari likipinduka kanopi haina nguvu za paa. Isitoshe, dirisha la nyuma la kanopi likiachwa wazi, moshi wa egizosi huweza kuvutwa ndani, na ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kukodi matatu kwa safari moja ni ghali, twajua. Tuchangiane kama tuchangiavyo mchele.

Hatusemi kila nyongeza ni mbaya. Kamera ya nyuma ni nyepesi, na humwonyesha dereva mtoto aliyechutama nyuma ya gari uani, mahali ambapo kioo hakifiki. Vikulabu imara vya kufungia mizigo huzuia sufuria isiruke. Turubai zuri hukinga chakula cha biashara dhidi ya vumbi na mvua. Mkeka wa mpira hupunguza mizigo kuteleza. Hivi havina fahari ya kutazamwa, lakini kila siku hufanya kazi.

Pia kuna sheria na bima. Anayebadilisha muundo wa bodi, rangi au injini hutakiwa kuiarifu NTSA ili kumbukumbu za gari zilingane na gari lenyewe. Kampuni ya bima nayo ijulishwe kwa maandishi. Kuficha badiliko kubwa kwaweza kuwa sababu ya madai kukataliwa siku ya haja.

Basi nyumbani, kabla fedha hazijatoka, tukae pamoja, baba, mama na vijana, tujiulize maswali matatu. Je, kifaa hiki chatufaa kwa kazi tuifanyayo kweli, au twakitaka kwa kuwa jirani anacho? Kitaongeza kilo ngapi, na zitatoka wapi? Na fundi atarekebisha nini kingine ili breki, taa na usukani vibaki sawa? Fundi ajuaye kazi yake hatakasirika kuulizwa. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Gari ni neema, na waliomo ndani yake ni amana. Israfu si ya fedha tu. Yaweza kuwa ya usalama pia, tunapoutoa kwa ajili ya pambo. Mola atujaalie safari njema, aturudishe sote majumbani kwetu salama. Amin.